Chuku Nane Mgongoni

Mgongo wangu uliharibika nilipokuwa nanyanyua vitabu vyangu mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu mke wangu hupenda kuwasimulia wageni, na mimi hupenda kumtangulia. Lilikuwa sanduku la kitabu changu cha insha, zile nakala ambazo wasomaji waliona ni vyema nizitunze mimi, na nilikuwa nalihamisha kutoka sebuleni kwenda stoo. Nikainama, nikalikumbatia, kiuno kikasema "ka," nikabaki papo hapo nimejikunja kama kisu cha mfukoni. Binti yangu alipita, akaniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia ndiyo, natafuta namna ya kusimama.

Sebule ilikuwa inasafishwa kwa ajili yake huyo huyo binti. Jumamosi ya wiki iliyofuata wangekuja kwetu Msalato wazazi wa kijana mmoja, kujitambulisha na kuleta posa. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilikuwa kosa langu. Binti alisema hatatoka chumbani kuwasalimia wageni mpaka bibi yake wa Bahi awe amekaa sebuleni. Si suala la mila tu, ingawa mila ipo: upande wa marehemu baba yangu amebaki dada yake mmoja, shangazi yangu huyo, na ndiye mwenye haki ya kuulizwa kama binti anatoka au hatoki. Lakini zaidi ya mila, binti alikuwa anapelekwa Bahi kila likizo akiwa mdogo, na alijifunza kutembea juu ya matuta ya majaruba ya mpunga akiwa ameshika kanga ya bibi huyo.

"Bibi asipokuja, wageni wabaki kwao," alisema. "Na wewe baba ndiye utakayewapigia simu kuwaeleza kwa nini."

Kwa nini, ni hivi. Shangazi alikuwa hajakanyaga nyumbani kwangu kwa miaka kumi na kitu. Tulikutana misibani na harusini, nikamwamkia, akaitikia "marahaba" fupi kama mtu anayefunga dirisha.

Shangazi yangu ni mpiga chuku. Msomaji asicheke bado. Siku hizi ukisema mtu anapiga chuku, watu wanaelewa kwamba anatia chumvi, anaongeza maneno mpaka habari inavimba. Lakini chuku yenyewe, kabla haijawa maneno, ni pembe. Ni pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Mtu anaumwa mgongo. Mpiga chuku anaegemeza upande mpana wa pembe pale panapouma, ananyonya hewa kwa kile kitundu cha ncha, kisha anakiziba kwa nta aliyokuwa ameificha shavuni. Ngozi inavutwa ndani ya pembe na kuumuka kama andazi. Nadhani usemi wetu ulizaliwa hapo: mahali palipokuwa tambarare panageuka kilima. Wakati mwingine mpiga chuku huchanja kwanza kwa wembe, ili atoe na damu. Watu walitoka mbali kumfuata shangazi, wakaingia kwake wamepinda na wakatoka wakimsifu.

Nami nilipotoka chuo kikuu na kupewa safu gazetini, nilihitaji ujinga wa kuushambulia, na ujinga uliokuwa karibu ulikuwa wa shangazi. Nikaandika makala. Nilieleza jinsi wembe mmoja unavyozunguka migongo kumi, na hapo nilikuwa sahihi; nasimama hapo hata leo. Lakini makala yenye wembe peke yake ni fupi na haichekeshi. Kwa hiyo nikaongeza. Nikaongeza kibanda chenye giza. Nikaongeza popo. Na nikaandika, Mungu anisamehe, kwamba mwanamke huyo alikuwa ananyonya pembe kwa msaada wa "meno yake matatu yaliyobaki." Mhariri aliyasifu sana hayo meno.

Gazeti lilifika Bahi likiwa limefungia maandazi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alilikunjua kilabuni, akalisoma kwa sauti. Jina sikuandika, ila mpiga chuku mwenye mtoto wa kaka yake anayeandika gazetini alikuwa mmoja tu Bahi nzima. Kuanzia siku hiyo shangazi alitangaza kwamba hataingia nyumba ya mtu aliyemweka kwenye karatasi ya maandazi. Miaka yote hiyo nilidhani kilichomuuma ni pembe yake kudharauliwa. Nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi, nikamtumia kanga, nikamtuma mke wangu. Kanga zilipokelewa.

Safari hii mpango wangu ulikuwa kwenda Bahi mwenyewe na kupiga magoti. Sasa sikuweza hata kukaa kwenye kiti cha gari, achilia mbali magoti. Zilibaki siku kumi.

Hospitalini walinipiga picha. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema mifupa yangu haina tatizo, tatizo ni umri na kukaa. Alinipa vidonge, akanionya nisinyanyue vitu vizito. Nikamwambia vilikuwa vitabu tu. Akauliza vinahusu nini. Nikamshukuru kwa vidonge.

Vidonge vilifanya kazi yao nusunusu, na siku tano baadaye mwenzangu wa kazini alikuja kunijulia hali, akaniona natembea kama herufi, akanielekeza kwenye kliniki ya Mchina, ghorofani, juu ya duka la vigae. Nilipanda zile ngazi kwa utaratibu wa mtu anayebeba mayai.

Kwenye benchi la nje nilimkuta mama mmoja mfugaji wa Kongwa, mwenye mabega mapana, ametoka ndani muda huo na amekasirika.

"Baba, uwe macho na hawa," aliniambia. "Wamenichoma sindano kumi na mbili. Kumi na mbili! Hakuna hata moja iliyokuwa na dawa."

"Labda ndiyo tiba yenyewe, mama. Nasikia sindano zao hazina dawa."

"Sindano tupu ni tiba gani? Kwetu hata ng'ombe ukimchoma unamtilia kitu."

"Na goti linasemaje?"

Alilinyoosha goti, akalikunja, akalinyoosha tena, huku akilitazama kwa chuki kama mtoto aliyemsaliti. "Goti limelegea," alikiri. "Lakini dawa yangu wamebaki nayo."

Ndani alikuwepo daktari mwembamba wa rika langu, mwenye koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kiswahili chake alikiokota sokoni: alijua moto, baridi, polepole, kesho na bado. Yaliyobaki yalipitia kwa mkalimani, binti wa Chemba aliyesomea udaktari huo huo Uchina, na ambaye lugha ya mama yake ni ile yenye kugonga ulimi katikati ya maneno. Nilimuuliza kama Kichina hakikumsumbua.

"Mzee, mimi nimezaliwa kwenye lugha ambayo ukigonga ulimi vibaya umeshatukana mtu," alisema. "Kichina kilinikuta niko tayari."

Lile "mzee" liliniuma kuliko kiuno.

"Toa ulimi," akasema daktari kupitia kwake.

Mimi nimelelewa mahali ambapo kumtolea mtu mzima ulimi ni kuomba kofi. Niliutoa kidogo. Akaashiria zaidi. Nikautoa wote, wakausogelea wote wawili, wakauinamia, wakashauriana kwa sauti ya chini. Nimefundisha darasani miaka mingi, nimehutubia makongamano, nimetetea tasnifu. Ulimi wangu haujawahi kufuatiliwa kwa makini namna ile, na safari hii ulikuwa haujasema kitu.

Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, akatulia kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Akahamia mkono wa pili. Maswali yakaja: nalala vipi, miguu ina baridi, choo kikoje.

"Anauliza kama una hasira," alisema mkalimani.

"Hapana. Mimi ni mtu mpole."

Daktari, macho bado yamefumbwa, akasema maneno mawili.

"Anasema mshipa unakataa."

Hatimaye hukumu ikasomwa. "Mzee, una upepo na unyevu. Vimeingia mgongoni, vimekaa."

"Unyevu?" nilisema. "Hapa Dodoma?" Nilimwomba amwambie daktari kwamba tunaishi kwenye mji ambao nguo ya kwanza inakauka kabla hujaanika ya tatu, na kwamba kama kweli nina unyevu basi niripotiwe kwenye mamlaka ya maji. Alimtafsiria. Daktari alicheka vizuri, kwa adabu, halafu akarudi kuwa daktari.

"Anasema huo si unyevu wa hewa, ni wa mwilini. Unaletwa na vyakula. Unakula nini hasa?"

"Ugali na mlenda."

Hapo mkalimani alipata kazi. Alieleza kwa maneno, akaona hayatoshi, akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha taratibu kuonyesha ule uzi unaovutika na haukatiki. Uso wa daktari ulibadilika. Aliandika kitu, akakipigia mstari.

"Mlenda upumzike kidogo, mzee. Na maziwa, na sukari, na vinywaji vya baridi. Unywe maji ya moto."

Mimi ni Mgogo. Kuambiwa mlenda upumzike ni sawa na kuambiwa baba yako apumzike. Lakini nilikuwa nimekwisha lala kifudifudi, shati limetoka, na nikasikia harufu ya spiriti.

"Usiogope, mzee. Moto unaingia kwenye kikombe, kwako hauingii."

Nilisikia pamba ikiwaka, kisha "pu!" na kikombe cha kioo kikanibana begani, ngozi ikavutwa juu. "Pu!" cha pili. Kilipofika cha tatu nilianza kuwa na wasiwasi wa aina nyingine kabisa. Jambo hili nilikuwa nimeliona. Niliyaona haya yote nikiwa na miaka saba, nimesimama mlangoni, nachungulia mgongo wa mtu mzima ukivimba. Hapa palikuwa na kioo badala ya pembe, na moto badala ya mdomo. Mengine yote yalikuwa yale yale, mpaka mgonjwa kuguna.

"Hii tiba inaitwaje?" niliuliza.

Alitaja jina la Kichina.

"Kwa Kiswahili?"

Alifikiri. "Si kuna neno lake, mzee? Chuku."

Nilikuwa nimelala kifudifudi. Sikuwa na mahali pengine pa kuficha uso zaidi ya pale ulipokuwa. Baada ya muda nikauliza kwao wameianza lini. Waliongea kidogo.

"Anasema zamani sana. Anasema hapo mwanzo hawakuwa na vioo. Walitumia pembe."

Vikombe vilikuwa vinane. Nilitoka pale nikitembea karibu wima, na sitasema ni vikombe, au ni vidonge, au ni kule kulala chali siku tano. Mgongo haukunipa risiti. Nilichojua ni kwamba nilikuwa na miduara minane ya zambarau iliyoiva, na kwamba duniani kuna mtu mmoja ambaye hakutakiwa kuiona.

Mke wangu aliiona jioni hiyo. Yeye ni mtu wa Tanga, na hapotezi maneno.

"Nani kakupiga," aliuliza, "na alikuwa ameshika nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza na maji ya moto na mlenda.

"Na ugonjwa wenyewe?"

"Anasema nina upepo na unyevu."

Alikuwa anakunja nguo, akaacha. Huko alikokulia, mtu akisemwa ana upepo hapelekwi kwenye vikombe, anapigiwa ngoma ya pepo, na pepo ndiye anayemkataza vyakula. "Upepo," alisema.

"Ni lugha yao tu. Ni kama hewa. Ni nadharia."

"Nimekusikia, mume wangu. Upepo." Akachukua simu yake, akatoka uani. Niliona anazungumza muda mrefu, mkono mmoja kiunoni. Nikadhani ni mambo ya vyakula vya wageni.

Ijumaa, siku moja kabla ya posa, nilikuwa navaa viatu niende Bahi kupiga magoti yangu, ikasimama pikipiki mbele ya geti. Nyuma ya dereva alikuwa amekaa shangazi, kiupandeupande, wima kama mchi, na mkoba wa kiraka mapajani.

"Ningoje hapa," alimwambia dereva. "Sikai."

Nilitoka mbio, au niseme nilitoka kwa mwendo ambao mbio zangu zimefikia. "Mbukwa, shangazi. Shikamoo. Karibu, karibu ndani."

"Marahaba. Usinikaribishe, sijaja kwako. Nimekuja kwa huo upepo. Wewe umeubeba tu."

"Upepo gani?"

"Ule aliouona Mchina."

Niligeuka kumtazama mke wangu. Alikuwa tayari amesimama nje ya geti na kiti cha plastiki, kimefutwa vumbi, na nyuma yake binti ameshika sinia. Shangazi akakaa pale pale barabarani, akikielekea kiduka cha jirani, mahali ambapo malori ya kifusi ya kule uwanja mpya wa ndege hupita na kila mtu wa mtaa hupita. Binti akapiga goti, akafunua sinia: ugali wa uwele na mlenda wa kuvutika.

"Kula na mimi," shangazi aliniamuru.

"Siwezi, shangazi. Mlenda nimekatazwa."

Mkono wake ulisimama hewani na tonge. Alimtazama mke wangu. Mke wangu akatikisa kichwa kwa huzuni, kama muuguzi.

"Kumbe ni kweli," alisema shangazi. Akalirudisha tonge, akanawa mkono. "Vua shati."

"Hapa barabarani?"

"Nimekuogesha kwenye beseni mbele ya kwaya nzima ya kanisa. Leo ndio umepata haya? Vua, nikuone."

Nikavua. Nikampa mgongo. Dereva wa pikipiki, aliyekuwa anatazama simu, akaizima. Mwenye duka akatoka hadi mlangoni.

Kisha nikasikia kidole kikavu kikizunguka mduara wa kwanza, taratibu.

"Nani amekupiga chuku?"

"Si chuku, shangazi. Ni tiba ya Kichina, ni vikombe vya kioo."

"Nimeuliza nani."

"Daktari. Mjini."

"Ana shahada?"

"Anayo. Ameitundika ukutani."

"Alikuchanja?"

"Hapana."

"Ananyonya kwa mdomo?"

"Anatumia moto."

"Moto," alisema, kwa sauti ya seremala anayeambiwa habari za msumeno wa umeme. "Basi mdomo wake hauchoki." Kidole kikaendelea na ukaguzi. "Hapa amepata. Hapa amepata. Hapa pia, anajua kazi. Hapa sasa alikuwa anatafuta nini? Na hiki cha huku chini amekubandika kwa urembo."

Ndipo nilipohisi kiti kinatikisika nyuma yangu. Nilidhani analia. Nikageuka. Shangazi alikuwa anacheka kwa mwili mzima, bila sauti, machozi yanamtoka, anajipigapiga paja. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Mimi ulinipiga chuku gazetini," alisema, "leo Mchina kakupiga chuku mgongoni. Nane! Mimi ulinipiga moja tu."

Dereva alishika usukani wa pikipiki yake ili asidondoke. Mwenye duka aliingia ndani kucheka faraghani, akatoka tena. Nikaona mlango wa msamaha umefunguka, nikajipenyeza.

"Shangazi, nisamehe. Nilikosea kuidharau pembe. Leo nimejua kwamba tiba yako na ya..."

"Pembe? Nani amezungumza habari ya pembe?"

"Si ndiyo iliyokuudhi?"

"Wewe kweli umesoma?" Alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Ulisema wembe mmoja migongo kumi. Waliponisimulia hapo nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu siku ile kila mtu anakuja na wembe wake mpya kwenye karatasi yake. Asiye nao simchanji, hata awe mchungaji. Ulisema kibandani mna giza. Mna giza. Ulisema popo."

"Popo nilitunga, shangazi."

"Walikuwepo. Hukutazama juu." Akakisogeza kiti mbele. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Lakini ulisema meno matatu."

Nikalikunjakunja shati mikononi.

"Mume wangu alikuwa hai. Alikaa pale kilabuni watu wakicheka, akarudi nyumbani akanitazama mdomoni kama hajawahi kuniona. Na wagonjwa wakaanza kusema bibi yule mdomo umekwisha, ananyonya na pembe haishiki. Mpiga chuku bila meno ataubana vipi mdomo kwenye pembe? Ndiyo kazi yangu yote ile! Wembe wangu uliusema, wakaja na nyembe zao. Mdomo wangu ulipousema, wangekuja na midomo yao?"

Miaka kumi na kitu. Nilikuwa nimeomba radhi kwa makosa yote niliyojivunia kuyafanya, na lile nililoliandika kwa sekunde tano ili mhariri acheke sikuligusa.

"Hesabu," alisema shangazi, akafungua mdomo.

Niliinama. Katikati ya kuinama nikagundua kwamba nimeinama na kiuno hakijasema "ka," ila haukuwa wakati wa kushangilia. Nilichungulia mdomoni mwa shangazi kama yule daktari alivyochungulia mwangu, nikahesabu kwa kidole, chini kisha juu.

"Ishirini na tano."

"Sita," alisema shangazi bila kufunga mdomo, akaelekeza kidole nyuma kabisa, kushoto.

"Shangazi, lile ni kipande."

"Kipande ni jino! Wewe dereva, njoo uhesabu, huyu ana historia."

Dereva aliomba radhi kwanza, akasema shikamoo, akachungulia akitumia taa ya simu. "Ishirini na sita, mzee," aliniambia. "Lile la nyuma linasimama lenyewe kabisa."

"Andika," alisema shangazi.

"Nitaandika. Safu yenyewe walishaifunga, lakini..."

"Andika kwenye kitabu. Nasikia unavyo vingi humo ndani. Lakini kwanza andika hapa, usome, maana na lile lilisomwa. Mimi nikisikia ndipo nitajua kama naingia au narudi Bahi."

Binti alikuwa ameshafika na daftari na kalamu, sikumwona alipokwenda. Macho yake yalikuwa kwangu, na nilielewa kabisa kwamba anachosubiri si sentensi, ni Jumamosi yake. Nikaandika nimesimama, kifua wazi, daftari juu ya tangi la pikipiki. Katika maisha yangu sijawahi kuandika kwa uangalifu namna ile, na ndiyo makala yangu pekee ambayo haina kivumishi cha sifa hata kimoja. Nikasoma kwa sauti kuelekea dukani:

"Niliandika kwamba shangazi yangu ana meno matatu. Nilidanganya. Sikuyahesabu. Leo nimeyahesabu nikiwa na shahidi: ni ishirini na sita. Kuhusu wembe, sibadilishi neno."

Shangazi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Hapo kwenye wembe," alisema, "umefanya vizuri kutobadilisha. Ungebadilisha ningejua unanibembeleza." Akasimama, akamkabidhi binti mkoba, ambao kwa mlio wake nilijua una pembe ndani. "Dereva, nenda. Usiningoje."

Akaingia getini mbele yangu, anauliza chai iko wapi, kama mtu aliyetoka jana.

Usiku ule nilimkabili mke wangu. Nilimwambia amempeleka mbio bibi wa watu kwa neno moja la uongo.

"Uongo upi?" alisema, akikunja nguo zile zile. "Daktari alisema nini?"

"Alisema upepo, lakini unajua kabisa kwamba..."

"Basi. Mimi si mwandishi. Nilisema kama ilivyosemwa."

Wageni walifika Jumamosi saa tano. Shangazi alikataa sofa, linamzamisha. Akakaa juu ya sanduku la vitabu vyangu, ambalo halikuwahi kufika stoo na sasa lilikuwa limefunikwa kitenge. Alisema ni vitabu imara. Salamu zikapita, soda zikapita, mimi nikanywa maji yangu ya moto. Binti alikuwa bado chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo, wa kutosha sikio. Mshenga wao alisimama, akazunguka kwa maneno mengi, akafika: walikuwa wameona ua katika boma hili, na wangependa kumuuliza mzee wa upande wa baba kama ua hilo linatoka au halitoki.

Shangazi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatabasamu, akatanua tabasamu, akaendelea kulitanua kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji, akageuza uso kushoto, akageuza kulia, apate mwanga wa dirisha, kila mtu sebuleni apate nafasi. Nilimwona mshenga, maskini, midomo inamcheza, macho yanatembea: moja, mbili, tatu, nne.

"Linatoka," alisema shangazi, na mlango wa chumbani ukafunguka.